UZI: Leicester hadi Napoli kwa gari. Usianze na Calais, anza na mlima

MtotoWaMalindi (mwenye uzi)

Wakuu, salamu kwenu. Tangu niweke ile picha ya gari letu na mlima Vesuvius kwa nyuma, kila anayenitumia ujumbe anauliza swali moja: "Mlipitia wapi?" Kumjibu mmoja mmoja nimechoka. Naweka yote hapa, kaeni mkao wa kula.

Kwanza mnijue. Mimi ni wa Malindi, sasa hivi naishi Leicester. Kwetu Mwitaliano si mgeni. Mamangu amefua na kupika kwenye nyumba zao miaka mingi, na mimi Kiitaliano cha ufukweni nilikishika kabla Kiingereza hakijaniingia vizuri. Kwa hiyo tangu utotoni nilikuwa na hamu ya kwenda kuwapigia hodi na mimi kwao. Tumekwenda mara mbili kwa gari: mimi, mke wangu na watoto wawili. Safari ya kwanza niliipanga ovyo na nikaijutia. Ya pili nimeipanga kama mtu mzima, na ndiyo ninayowapa.

Kosa langu la kwanza lilikuwa hili. Nilifungua ramani ya simu, nikaandika Calais, pale unapotokea Ufaransa ukivuka bahari, nikaandika Napoli, nikafuata mstari. Simu inakuhesabia saa na kilomita, haikwambii kwamba mbele kuna ukuta. Itazameni Italia: kaskazini yote imezibwa na Alps, kuanzia mpaka wa Ufaransa mpaka Slovenia. Gari halirukii ukuta, linapita kwenye tundu. Na kwa anayetokea Calais, matundu ya maana ni machache mno. Ukishachagua tundu lako, mambo mengine yote, yaani wapi ulale, siku gani utoke, upite Ubelgiji au Ufaransa, yanajipanga yenyewe. Ukianza na hoteli kama nilivyofanya mimi, utajikuta Jumamosi ya Agosti umekwama kwenye foleni mlimani, watoto wanalia na chupa ya maji imebaki moja.

Matundu yenyewe ni haya.

Mont Blanc. Handaki la kilomita 11.6 kutoka Chamonix upande wa Ufaransa hadi Courmayeur upande wa Italia, lilifunguliwa mwaka 1965. Ni njia nzuri kwa macho, lakini kupita mara moja tu kwa gari dogo unalipa zaidi ya euro 50. Ipo tiketi ya kwenda na kurudi yenye nafuu, ila inadumu siku saba. Sasa nani anaendesha gari kutoka Uingereza mpaka Napoli akae siku saba? Halafu miaka hii wamekuwa wakilifunga kwa matengenezo wiki nyingi za vuli, kuanzia Septemba hadi Desemba. Anayepanga safari ya Oktoba aangalie hilo kabla ya jingine lolote.

Fréjus. Liko kusini ya Mont Blanc, kutoka Modane hadi Bardonecchia, kilomita karibu 13. Nalo ni la kulipia, bei zao ni ndugu. Linamfaa anayekwenda Torino.

Gotthard. Hili ndilo langu. Liko Uswisi, kilomita 16.9, lilifunguliwa mwaka 1980. Kulipita hulipi kitu zaidi ya stika ya barabara kuu za Uswisi, faranga 40 kwa mwaka mzima. Ndiyo, hata ukipita nusu siku unalipa ya mwaka, hawana ya wiki. Siku hizi unainunua mtandaoni inafungwa na namba ya gari, hakuna kubandika kioo. Ingia kwenye tovuti ya serikali yao yenyewe, maana wapo madalali wa mitandaoni wanaoiuza kwa bei ya kuruka. Ukikamatwa huna, faini ni faranga 200 na stika yenyewe unainunua vilevile.

Ubaya wa Gotthard ni kwamba bomba ni moja, magari ya kwenda na ya kurudi yanapishana humo humo. La pili wanalichimba sasa. Ndiyo maana sikukuu za Pasaka na Jumamosi za kiangazi foleni inafika kilomita na kilomita pale Göschenen, kwenye mlango wa handaki.

Brenner, ile njia ya kupitia Austria, nawaachia walioko Ujerumani, najua wamo humu.

Basi mpango wetu wa safari ya pili ulikuwa huu. Saa natumia zetu za Kiswahili, msije mkakosa treni mkanitukana.

Jumatatu usiku tulilala mapema. Saa nane usiku tukaondoka Leicester, saa kumi na moja alfajiri tuko Folkestone. Gari linaingia ndani ya treni inayopita chini ya bahari, unakaa humo humo garini dakika 35, unatokea Ufaransa. Polisi wa Ufaransa unamalizana naye upande wa Uingereza kabla hujapanda, kwa hiyo ukishuka unakanyaga mafuta tu. Meli ya Dover huwa na nafuu ya bei siku nyingine, ila ni saa moja na nusu baharini, na mke wangu bahari ya Lamu ilishamtosha.

Ukitoka Calais unashika A26 mpaka Reims, kama kilomita 270. Barabara imenyooka, mashamba huku na huku, hakuna cha kutazama, na hapo ndipo usingizi unapomshika dereva. Reims unashika A4 kwenda Metz na Strasbourg, halafu A35 kushuka Colmar. Tulilala karibu na Colmar. Tulikuwa madereva wawili tukipokezana kila saa mbili. Kama uko peke yako, lala Metz, usijifanye chuma.

Jumatano asubuhi tukaingia Uswisi kwa Basel, Luzern, Gotthard, Lugano, Como, na mchana tukawa Milano. Kilomita kama 400 tu. Siku hiyo niliifanya fupi makusudi, kwa sababu ukikuta foleni mlimani uwe na saa za kupoteza.

Milano hadi Napoli ni A1 peke yake, Autostrada del Sole, kilomita zipatazo 760, waliimaliza mwaka 1964. Tuliikata mara mbili, tukalala Toscana. Kati ya Bologna na Firenze kuna njia panda: kibao kimoja kinasema Direttissima, kingine Panoramica. Direttissima ni mpya, ya mwaka 2015, imejaa mahandaki lakini inateleza. Panoramica ni ile ya zamani yenye kona. Kwenda tulichukua mpya, kurudi ya zamani, na mwanangu mdogo akatapika kwenye kona ya tatu. Msiseme sikuwaambia.

Maswali yaleteni.

Shangazi_Reading

Mwanangu, ahsante kwa somo. Mimi gari langu usukani uko kulia kama magari yote ya huku. Hizo barabara za kulipia nitalipaje, na mashine iko upande wa kushoto? Nasafiri na bibi yenu wa miaka 74, siwezi kumtuma nje ya gari.

MtotoWaMalindi

Shikamoo shangazi. Bibi akikaa kiti cha mbele kushoto ndiye atakuwa waziri wako wa fedha. Kwetu kazi hiyo anafanya mke wangu: Ufaransa unachukua tiketi kwenye mashine ukiingia, unalipa ukitoka. Sogeza gari karibu kabisa na mashine, mkono wa bibi usihangaike. Kadi ya benki inakubalika.

Kama bibi hataki uwaziri, kuna kifaa kidogo unabandika kiooni, lango linakusoma na kufunguka lenyewe, hela inakatwa benki baadaye. Unakiagiza kabla ya safari kinaletwa nyumbani.

Italia ni hivyo hivyo, tiketi kuingia, malipo kutoka, ila chunga rangi za njia. Zenye alama ya njano ya Telepass usiingie kama huna kifaa. Za bluu ni za kadi, nyeupe ni za fedha taslimu. Na ukishakosea ukajikuta kwenye ya njano, shangazi yangu, USIRUDI NYUMA. Nilishuhudia mtu akirudi nyuma nikafumba macho. Bonyeza kitufe cha msaada, utatolewa karatasi ya kuonyesha hukulipa, na ndani ya siku 15 unalipa mtandaoni bila nyongeza.

Tanga_Raha

Mkuu umeeleza vizuri, lakini umeruka jambo kubwa. Wewe labda una paspoti nyekundu au ya bluu ya Uingereza. Sisi wenye paspoti za kwetu je? Nina kibali cha kuishi Uingereza, mke wangu ni raia wa Uingereza. Si napita naye tu?

MtotoWaMalindi

Kaka, hupiti. Mimi safari ya kwanza nilikuwa na paspoti ya Kenya, najua ninachosema. Mkenya na Mtanzania wote wanahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, na kibali cha Uingereza hakikufungulii mlango wa Ulaya. Mke kuwa Mwingereza hakukusaidii pia, maana Uingereza imeshatoka Umoja wa Ulaya.

Habari njema ni kwamba viza moja inatosha Ufaransa, Uswisi na Italia, zote zimo Schengen, ukivuka Basel hutoki wala kuingia upya. Unaiomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ukilala Ufaransa usiku mmoja na Italia kumi, omba Italia, hata kama mlango wako wa kuingilia ni Calais. Ada ya mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, mtoto wa miaka 6 hadi 11 ni euro 45, aliye chini ya hapo ni bure. Unaweza kuomba kuanzia miezi sita kabla ya safari. Wanataka na bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Kazi ngumu hasa ni kupata siku ya miadi, kwa hiyo hilo lianze kabla ya tiketi ya treni.

Na tangu Oktoba 2025 wameanza kuchukua alama za vidole na picha mpakani badala ya kugonga muhuri. Fika mapema.

Lori_la_Bukavu

Wandugu, mimi niko Ubelgiji mwaka wa kumi na mbili, kazi yangu ni lori, Italia naenda kila mwezi. Niongeze kidogo.

Huyu ndugu amewapitisha A26, ni sawa, lakini ni ya kulipa. Kuna njia yetu: toka Calais shika A16 kwenda Dunkerque, ingia Ubelgiji, Bruxelles, Namur, Arlon, Luxembourg, teremka Metz. Mpaka hapo gari dogo halilipi hata senti. Inaongeza muda, na kuzunguka Bruxelles asubuhi au jioni ni kilio, kwa hiyo pita pale mchana au usiku.

Kuhusu Gotthard, kuna siri moja watu wa magari madogo hawaijui. Uswisi inakataza malori kutembea kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na moja alfajiri. Kwa hiyo ukipita saa tisa au saa kumi usiku, barabara ni yako. Ikigonga kumi na moja sisi wote tunawasha injini kwa pamoja. Na sisi malori hatuingii handakini kama tunavyotaka, wanatuhesabu na kutuachia mmoja mmoja kwa nafasi. Ilianza baada ya moto wa Oktoba 2001, malori mawili yaligongana mle ndani, wakafa watu 11.

Na Mont Blanc ni hivyo hivyo, kuna sheria kwa sababu kuna maiti. Machi 1999 lori lililobeba margarini na unga lilishika moto katikati, watu 39 wakafa, handaki likafungwa miaka mitatu. Leo humo ndani unaachana mita 150 na gari la mbele, mwendo usizidi 70 wala usipungue 50. Ukiona nimeacha nafasi kubwa mbele yangu, si kwamba nimesinzia. Usije ukajichomeka.

MtotoWaMalindi

Bosi, hii ya saa za malori sikuijua. Nilipita saa nne asubuhi nikashangaa wametoka wapi wote.

Pwagu_Munich

Brenner nilete mimi basi. Kwa mtu wa Leicester ni kuzunguka, lakini kwa aliye Ujerumani hakuna kinachoifikia. Ni kipito cha wazi, si handaki, mita 1,370 tu juu ya bahari, kinapitika mwaka mzima. Unanunua stika ya Austria, ipo hadi ya siku moja, halafu barabara ya Brenner yenyewe unailipia pembeni, stika haiihusu. Ila tangu Januari 2025 daraja la Lueg karibu na mpaka limechakaa, siku nyingi mnapita mstari mmoja kila upande, wanajenga jipya. Jumamosi ya Agosti pale, mkuu, utamaliza kusoma msahafu mzima.

Shangazi_Reading

Hizi Jumamosi mnazozitaja zinanitia hofu. Shule zinafungwa Julai mwishoni, mimi nitatoka siku gani?

MtotoWaMalindi

Jumanne au Jumatano shangazi. Ufaransa kuna Bison Futé, huduma ya serikali inayotabiri foleni kwa rangi: kijani, chungwa, nyekundu, nyeusi. Nyeusi wanaipaka Jumamosi za mwisho wa Julai na mwanzo wa Agosti, Paris nzima ikishuka kusini. Italia nao wana yao, na tarehe 15 Agosti ni sikukuu yao ya Ferragosto: kabla yake kila mtu yuko barabarani, siku yenyewe mji umefungwa, hata mkate utautafuta.

Tanga_Raha

Na faini? Jamaa yangu aliletewa barua ya Italia nyumbani Coventry miezi minane baada ya safari, akadhani ni matapeli.

MtotoWaMalindi

Hapo umenigusa kidonda. Safari ya kwanza, mji mmoja wa Toscana, natafuta hoteli jioni, mvua inanyesha. Mbele naona kibao cha taa nyekundu: VARCO ATTIVO. Mimi si ndiye mtaalamu wa Kiitaliano! Nikamwambia mke wangu, varco ni lango, attivo ni linafanya kazi. Lango linafanya kazi, tupite. Nikapita kwa madaha, nikazunguka kutafuta maegesho, nikapita tena.

Kumbe linalofanya kazi ni kamera. Hizo ni ZTL, sehemu za katikati ya miji ambazo gari lisilo na ruhusa haliingii. Attivo maana yake limefungwa kwako. Non attivo ndiyo ruksa. Kiitaliano cha ufukweni hakina somo hilo. Barua mbili zilifika Leicester, kila kupita na faini yake, na sheria yao inawapa siku 360 kumfikishia mtu aliye nje ya nchi. Ukilipa ndani ya siku tano unapunguziwa asilimia 30.

Tangu hapo gari naliacha nje ya mji, naingia kwa treni au tramu. Milano kuna na malipo ya kuingia katikati siku za kazi, euro 7.50. Wacha gari stesheni ya nje, panda metro.

Na Ufaransa ondoa kwenye simu ile sauti ya kukuonya kuhusu kamera za mwendo, ni kosa kisheria. Kwenye barabara kuu mwendo ni 130, mvua ikinyesha 110, Italia hivyo hivyo. Uswisi 120, na wale hawana utani.

Lori_la_Bukavu

Waambie na mafuta. Nimemsaidia Mkenya mmoja pale Reims, ameweka gazole kwenye gari la petroli.

MtotoWaMalindi

Kweli. Gazole kwa Kifaransa na gasolio kwa Kiitaliano vyote ni DIZELI. Macho ya mtu yanaona "gas" moyo unasema petroli. Msisome maneno, someni umbo: Ulaya nzima petroli ni duara lenye E5 au E10, dizeli ni mraba wenye B7. Na sheli za Italia zenye neno servito anakuhudumia mtu na bei iko juu, fai da te unajaza mwenyewe.

Mengine upesi: vizibao vya rifleta viwe ndani ya gari, si kwenye buti. Pembetatu ya tahadhari. Stika za taa za mbele, maana za gari la Uingereza zinamulika macho ya wenzio ukiwa kulia. Alama ya UK nyuma ya gari, ile ya GB haitumiki tangu Septemba 2021. Kadi ya gari halisi. Piga simu bima uulize wanakulinda kiasi gani huko, nyingi zinashuka zikabaki za kulipia hasara ya mwenzako tu. Pakua ramani kabla ya Basel, kifurushi cha intaneti cha Ulaya mara nyingi Uswisi haimo.

Shangazi_Reading

Nimeandika yote kwenye daftari. La mwisho mwanangu: bibi yenu hali vya njiani, amesema anakaanga sambusa za kutosha mpaka Italia. Zitafika?

MtotoWaMalindi

Shangazi, za nyama hazivuki. Tangu Uingereza itoke Umoja wa Ulaya, nyama na maziwa kutoka huku huruhusiwi kuingia navyo, hata kama ni chakula chako cha njiani. Sisi tulikumbushwa na kibao Folkestone, tumeshaingia kwenye foleni, na sambusa kumi na nane za nyama zingali moto ndani ya taulo. Watu wanne, saa kumi na moja alfajiri, tulizila zote pale pale, dereva akiwa na tatu kwenye dashibodi. Safari ya pili mke wangu alikaanga za viazi, na hizo zilifika mpaka Reims.